Salamu Marufuku Redioni

Nianze kwa kukiri jambo ambalo kila aliyenifahamu Mpanda miaka ile ya tisini analijua: nina hasira za karibu. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ndita, mkunga akaniomba radhi. Sasa mtu wa namna hiyo mpe kazi ya kuongoza safari za ndege za kukodi, ndege mbili tu, katika mji ambao hata treni ilikuwa inafika siku ikijisikia. Halafu ushangae nikipata presha.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya sauti. Nilikuwa karani stesheni. Siku moja mwenye ndege, mtu wa Arusha, alikuja kuulizia vipuri vyake, akanikuta nafokeana na stesheni ya Kaliua kwenye simu mbovu. Alisimama akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama, wewe hata simu ikikatika Kaliua watakusikia. Njoo kwangu." Wiki mbili baadaye nikawa mkuu wa safari. Cheo kikubwa, ofisi chumba kimoja Majengo, nyuma ya duka la vitenge na mafuta ya taa. Ndani palikuwa na meza, ubao wa chaki, redio kol ya kuongea na rubani na vijiji (wao kwa wao hawakusikiana, kila neno lilipita kwangu), betri mbili za gari za kuiendesha hiyo redio, na mizani tuliyoipata kwa wakulima wa tumbaku.

Hiyo mizani, Mungu wangu. Ndege ndogo haina mzaha na uzito, kila abiria lazima apimwe, yeye na mzigo wake. Lakini nenda kamwambie mtu mzima wa Mpanda apande mizani mbele za watu. Mfanyabiashara mmoja wa mchele, mtu wa kitambi na heshima zake, alinitazama mpaka nikaona aibu. "Nimepima tumbaku miaka ishirini," akasema, "leo nipimwe mimi?" Ikabidi rubani apande kwanza, na mimi nipande, na mwenye duka aitwe apande, ndipo na yeye akapanda, macho kayaelekeza darini. Mama mwingine alikuja na mtoto mgongoni, kamfunika gubigubi. Nikasema hebu nimwone mtoto. Ati amelala. Mtoto gani ananuka migebuka mikavu? Nilifungua kanga kwa mkono wangu mwenyewe: samaki, kilo kumi na nne.

Na uwanja wetu wa vumbi pale Mpanda ulikuwa njia ya mkato ya mji mzima. Watu wa Litapunga wakileta viazi sokoni waliona hiyo ndiyo barabara pana kuliko zote, na kwa kweli hawakukosea. Nilikuwa na firimbi. Napuliza mpaka mashavu yanauma, mtu ananipungia mkono na kuendelea taratibu na baiskeli yake. Vijijini ndiyo usiseme. Ndege ikisikika tu, kijiji kizima kinaingia uwanjani kuipokea, akina mama na vigelegele, wanajipanga katikati ya njia kana kwamba ndege itasimama iwape mkono. Rubani anazunguka juu, mafuta yanaungua, mimi huku Majengo nimeishika redio napiga kelele: watoeni watu, nyie, watoeni watu!

Lakini katika yote hayo, kilichonimaliza kabisa ni salamu.

Mimi ni Mfipa. Kwetu watu wanasalimiana kwa kuinama na kupiga makofi, na huthubutu kusema ulichojia mpaka umeulizia watoto, shamba na mgonjwa wa mwaka jana. Ndivyo nilivyolelewa na sioni aibu. Ila redio kol si baraza. Redio kol ina kitufe kimoja: ukibonyeza unasema, na ukiwa umebonyeza humsikii mwenzako hata akilia. Ukimaliza unasema "Ova", unaachia, ndipo na yeye anapata zamu. Kila siku saa moja asubuhi nilikuwa na viwanja sita vya vijijini vya kuuliza, kimoja baada ya kingine, kabla rubani hajamaliza chai yake. Na kila asubuhi ilikuwa hivi:

"Habari ya uwanja? Ova."

"Nzuri, mama. Za hapo Mpanda? Ova."

"Nzuri. Uwanja. Ova."

"Nzuri, nzuri. Na wa nyumbani hawajambo? Ova."

"Hawajambo! Uwanja una nini, una maji, una ng'ombe? Ova!"

"Tunamshukuru Mungu, mama. Tulisikia ulikuwa unaumwa jino. Ova."

Wakati huo betri inakufa. Masika paneli za jua vijijini hazishibi, redio ya mwenzako inaanza kukohoa katikati ya kuulizia jino langu, na habari ya uwanja anaondoka nayo. Viwanja viwili vya mwisho nilikuwa sivipati kabisa. Nilikuwa natoka ofisini saa mbili nimesalimiwa mpaka nimechoka, na sijui hata kama kuna mahali pa kutua.

Basi nikatoa amri. Niliandika kwa taipu ya kuazima, nakala sita, rubani akazisambaza moja moja kila alipotua. Juu kabisa kwa herufi kubwa: SALAMU MARUFUKU REDIONI. Chini yake: nitauliza mambo matatu, uwanja, mvua, mifugo. Kila swali jibu moja, fupi. Atakayezidisha nitamkatiza.

Rubani alikuwa mtu wa Moshi, mpole, mpenda chapati, na alikuwa na dawa moja tu ya hasira zangu, nayo ilikuwa utani. Aliisoma ile karatasi amesimama mlangoni. "Mama, barua hii haina hata 'ndugu'."

"Ndugu hana kazi hapa."

"Haya. Haraka haraka..."

"Na wewe nenda kapime mafuta kabla sijakupima wewe!"

Alicheka, akaenda. Na amri ilifanya kazi, tena vizuri mno. Viwanja sita vilikuwa vinakwisha ndani ya dakika kumi. Mwenye ndege alinisifu kutoka Arusha. Nami nilijisifu, nikawasimulia mpaka wanawake wa kanisani jinsi nilivyowanyoosha watu wa vijijini. Mama yangu alikuwa bado hai wakati huo. Alinisikiliza, akaendelea kuchambua mchele wake, akasema tu, "Hasira hasara, mwanangu." Nikaona uzee unamsumbua.

Katika wale wasimamizi sita alikuwepo mzee mmoja wa kijiji cha upande wa Mamba, huko Mpimbwe. Zamani alikuwa dereva wa trekta, sasa alitunza uwanja uliokuwa nyuma ya zahanati ya kijiji chao, na redio ilikuwa humo humo zahanati, spika yake imetundikwa barazani. Rubani aliwahi kuniambia kwamba yule mzee huvaa koti kabla hajawasha redio. Nilicheka. Ndiye aliyekuwa bingwa wa salamu, ndiye aliyeulizia jino. Na amri yangu ilimtesa kuliko wengine. Nikimuuliza "Habari ya uwanja?" anakaa kimya kidogo, unamsikia anavuta pumzi, halafu, "Nzuri, mama." Kila siku nzuri. Siku moja nzuri, kumbe nyati wamelala uwanjani. Nilimwakia. Akasema kwa unyonge, "Nilikuwa nakuja huko, mama."

Na hapo ndipo ninapojilaumu, maana nilikuwa najua. Hakuna mtu wa kwetu anayeulizwa habari akajibu mbaya. Hata aliyefiwa asubuhi hiyo hiyo, ukimuuliza habari za nyumbani atakwambia nzuri kwanza. Nzuri, halafu anapumua, halafu "ila". Nzuri ni mlango tu anaokufungulia, habari yenyewe inakaa baada ya ila. Mtoto wa miaka mitano Mpanda anajua hilo. Mimi nikaandika karatasi ya kuwataka watu waishie mlangoni.

Mwaka huo mvua za masika hazikuwa na adabu. Lori lilizama karibu na Kibaoni likakaa wiki nzima, mito ikapanda juu ya madaraja, na huko Mpimbwe watu walibaki na mpunga wao na Mungu wao. Ndege yetu moja ilikuwa Arusha kwa fundi. Tulikuwa na moja.

Asubuhi moja, kabla hata sijaanza kuuliza viwanja, redio ikaita yenyewe. Haikuwa sauti ya mzee, ilikuwa ya nesi wa zahanati yake. Hakusalimia. Alisema kuna binti ana uchungu tangu jana mchana, mtoto amekingama tumboni, hageuki. Ni mimba ya nne na ndiyo ya kwanza kufika miezi tisa. Asipopasuliwa leo, mtoto hatoki, na mama naye atakwenda. Barabara hakuna. Aliyasema hayo yote kwa mkupuo, kisha akasema "Ova" kwa sauti ndogo.

Katika mambo ya dharura sijisifu bure, najua kazi. Rubani aliacha chapati mezani imeng'atwa upande mmoja. Tuling'oa viti vya nyuma ili machela ikae. Nilimtuma mwenye duka kwa baiskeli hospitalini kusema waandae chumba. Ndani ya robo saa ndege ilikuwa inaunguruma, na mimi nimerudi redioni kuchukua habari ya uwanja, maana rubani wangu hata siku moja sikumrusha bila habari ya uwanja.

"Habari ya uwanja? Ova."

"Nzuri, mama. Ila..."

Nikabonyeza. "Mvua inanyesha sasa? Ova."

"Hapana, mama, imekatika. Ila usiku..."

Nikabonyeza. "Mifugo? Ova."

"Hapana. Mama, nilikuwa naomba nikueleze ule upande wa..."

Nikabonyeza tena. "Nimekuelewa, mzee. Ndege inakuja. Muwekeni mgonjwa tayari. Ova na mwisho."

Ile "ila" niliisikia. Sitaki kudanganya hapa, nimezeeka, nidanganye ili iweje? Niliisikia mara mbili, na kilichonipanda kichwani ni hasira: huyu mzee hata leo, hata mtu akifa, lazima azunguke! Nikamwambia rubani uwanja mzuri, mvua hakuna, ng'ombe hakuna. Akaruka.

Baada ya hapo mzee aliniita mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa naongea na Arusha, nikamwambia asubiri zamu. Mara ya pili nilikuwa bado naongea na Arusha, nikamwambia, "Mzee, nimesema subiri!" Hakuita tena.

Kutoka Mpanda mpaka kule ni nusu saa na ushee. Nilikaa nusu saa hiyo nikitazama saa ya ukutani na kula ile chapati ya rubani bila kujua naila. Kisha sauti yake ikaja.

"Mpanda, niko juu ya uwanja. Mama, watu wamejaa njiani. Wamejipanga mstari mmoja, wamekata uwanja katikati kabisa. Ova."

Jamani! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Leo tena? Leo kuna binti anakufa, nao wamejipanga kupokea ndege?

"Zahanati! Mzee, unanisikia? Ova!"

"Nakusikia, mama. Hao watu ni wa..."

"Najua ni watu!" Kitufe nilikibonyeza mpaka kidole kikauma. "Watoe! Watoe wote sasa hivi! Mwenzenu anakufa hapo, nyie mnafanya ngoma? Sitaki maelezo, nataka uwanja mtupu! Ova!"

Nikaachia kitufe. Mvumo tu wa redio.

"Sawa, mama," mzee akasema.

Rubani akazunguka mara moja. "Wanatoka. Njia nyeupe sasa. Nashuka."

Nikaegemea kiti. Nakumbuka nilimwambia mwenye duka, aliyekuwa amesimama mlangoni na baiskeli yake, "Umeona? Watu hawa bila kufokewa hawaendi." Akatikisa kichwa kukubali, maana na yeye aliniogopa.

Redio ilikaa kimya muda mrefu kuliko kawaida. Rubani akitua huwa anasema, "Chini salama." Hakusema. Niliita mara tatu. Aliyekuja kujibu ni nesi.

"Mama, ndege imezama."

Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha yote upande wa kusini wa uwanja. Nusu ya huku kavu, nusu ya kule tope la kufika magotini, lakini majani yameota juu yake na kutoka angani uwanja wote ni kijani kimoja. Mzee alikuwa ameutembea uwanja wote alfajiri, ameupima kwa miguu yake mwenyewe. Alipoona redioni hasikilizwi, akafanya alichoweza. Aliita watu, wanaume kwa wanawake, akawasimamisha bega kwa bega pale ubovu unapoanzia, ili rubani aone asivuke hapo. Nusu ile kavu ilitosha kabisa kwa ndege yetu. Rubani aliniambia baadaye: angejua, angetua mapema, angeshika breki, angegeuza mbele yao na nafasi ikabaki.

Lakini niliwatoa. Ndege ilipita palepale walipokuwa wamesimama, gurudumu la mbele likadidimia, mkia ukainuka, pangaboi la mbele likapiga chini likapinda. Rubani alipasuka kipaji cha uso. Ndege haikuweza kwenda popote tena, na ilikuwa imebaki kwenye njia, binti yuko barazani kwenye machela, anaitazama.

Siku hiyo iliyobaki sikumkatiza mtu. Niliita Tabora, Kigoma, Sumbawanga, niliita wamisionari, niliita kila mwenye ndege niliyemjua na nisiyemjua, nilisalimia, niliomba, nililia redioni mimi mwenyewe bila kujali nani ananisikia. Kampuni moja ya Tabora ilikubali, ila mawingu yalikuwa yamewafungia, ingekuwa kesho kukipambazuka. Kila saa nesi alinipa habari na nilimwacha aseme mpaka achoke. Saa tisa mchana aliniambia mapigo ya mtoto anayasikia kwa mbali. Saa kumi na moja hakutaja mapigo, nami sikuuliza. Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao pale jirani walifungua majembe shambani, wakaleta maksai sita, wakaivuta ndege kinyumenyume kwa kamba mpaka ikatoka njiani. Ilikuwa karibu na magharibi walipomaliza.

Alfajiri mzee aliwapanga watu tena palepale. Nilimwambia rubani wa Tabora, kwa sauti ambayo sikuifahamu kama ni yangu, "Ukiona mstari wa watu, ndiyo mpaka. Tua kabla yao. Usiwasumbue." Akatua salama. Saa mbili kasoro nilikuwa uwanjani Mpanda wakimshusha binti. Alikuwa amefunikwa kitenge mpaka kidevuni, amefumba macho. Walimpasua asubuhi hiyo hiyo. Yeye alipona. Mtoto alikuwa ameshakufa tumboni tangu jana yake.

Sasa sikiliza mambo ya yule mzee. Rubani alipotoka ndani ya ndege siku ile, damu inamchuruzika, mzee alimfuata na koti lake, akamshika mikono miwili, akamwambia, "Nisamehe, mwanangu, ni mimi sikueleza vizuri." Na mwenye ndege alipouliza kutoka Arusha, mzee akasema hivyo hivyo redioni: kosa lake, hakueleza vizuri. Mwenye ndege akaniambia huyo mzee abadilishwe. Na mimi, mama mwenye sauti ya kusikika Kaliua, nikasema, "Tutaona." Hilo tu. Rubani, aliyerudi na ndege ya Tabora, alikuwa amekaa ofisini kwenye kimoja cha vile viti tulivyong'oa, na bandeji yake kichwani, alinitazama na hakunitania. Siku nne nilikaa na "tutaona" hiyo, silali, sili, nagombana na kuku.

Siku ya tano nilikwenda hospitalini. Nilibeba chupa ya uji na machungwa, na njia nzima nilijipangia maneno: mimi ni wa ofisi ya ndege, nimekuja kutoa pole. Niliyapanga vizuri kabisa, hayakuwa na uongo na hayakuwa na ukweli.

Alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha, mama yake amekaa chini kwenye mkeka. Niliinama kama nilivyofundishwa, nikapiga makofi taratibu.

"Shikamoo, mama. Habari za hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri," mama yake akasema. Nikasubiri. "Nzuri, ila ndiyo kama unavyoona, tumepoteza mmoja. Huyu Mungu ametuachia."

"Poleni sana, mama. Poleni sana."

Binti alifumbua macho. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Alinitazama muda, kisha akamgeukia mama yake.

"Ndiye yule wa redioni," akasema.

"Wa redioni yupi?"

"Aliyesema watu watoke."

Yale maneno ya ofisi ya ndege nikayaacha. Niliweka chupa ya uji chini.

"Nilikuwa barazani kwenye machela," akasema, sasa ananiambia mimi, hana hasira, anaeleza tu. "Spika ilikuwa juu ya kichwa changu. Mzee kila ukimkatiza alikuwa ananigeukia, ananiambia, tulia binti yangu, yule mama wa Mpanda atanisikiliza, sasa hivi atanisikiliza."

"Kosa ni langu," nikasema. "Si la mzee hata kidogo. Ni mimi nilimkatiza."

"Najua. Nilikusikia."

Aligeuza uso akatazama ukuta. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo, juu ya shuka, pale palipokuwa pamelegea.

"Wakati ule," akasema, "alikuwa bado anacheza."